Mabano Matupu

Mukeke ni samaki mtamu, hakuna mtu wa Bujumbura atakayebisha, lakini Thuwaiba aliacha kumla mwaka 2005 kwa sababu ya Népomuscène. Mkuu huyo wa ofisi aliagiza mukeke wa kukaanga kila siku saa sita, akamla pale pale mezani juu ya mafaili. Mafuta yalipomtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, alivuta karatasi yoyote iliyokuwa karibu akajifutia. Karatasi zilizokuwa karibu naye zilikuwa fomu za watoto waliopotea. Siku ya kwanza Thuwaiba alidhani macho yake yamemdanganya. Siku ya pili aliona vizuri, na mate yakamjaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika.

Ofisi yenyewe ilikuwa Kinindo, mtaa wa Bujumbura, kwenye jumba la kupanga lenye sahani ya setilaiti juu ya paa na jenereta nyuma ya jiko. Shirika lilikuwa na kazi moja tu. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilikuwa vimetawanya watoto. Wengine walivuka mpaka wakiwa wameshika nguo ya mtu wasiyemjua, wakaishia kambini, Tanzania au Kongo. Huko kambini waliandikwa majina, na majina yote yakaingizwa katika seva moja iliyokaa Ulaya. Huku Burundi, wazazi waliobaki walijaziwa fomu. Kazi ya Thuwaiba ilikuwa kuzipeleka fomu hizo kwa seva kupitia mtandao, ili seva ilinganishe yaliyotoka huku na yaliyotoka kule, kisha ijibu mtoto yuko wapi.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, binti wa mzee Amur, yule muuza vitambaa ambaye ukoo wake ulitoka Omani na kufungua duka hapa tangu enzi za Wajerumani. Alisomea kompyuta Dar es Salaam miaka mitatu, akarudi na cheti na majivuno kidogo. Mashirika yalikuwa yanawagombania watu kama yeye, maana mjini hawakufika hata kumi. Watu wa Ulaya walikuwa wameanza mtindo mpya mwaka ule, unaoitwa JSON, na Thuwaiba aliupenda mara moja kwa usafi wake. Taarifa za mtoto ziliwekwa kati ya mabano mawili yaliyopinda kama masharubu. Ndani yake kila kitu kilitajwa jina, ikawekwa nukta mbili, halafu thamani yake: jina hili, umri huu, mlima alikotoka huu, maana Burundi kijiji hutajwa kwa mlima wake. Programu aliyoiandika yeye ilifungasha kila fomu hivyo, ikaituma, ikangoja jibu. Jibu lilikuja na namba juu. Mia mbili maana yake nimepokea. Mia nne maana yake nimekataa. Chini ya namba yalifuata maelezo, nayo yakiwa kwenye mabano yale yale.

Wiki ya kwanza ya Februari walituma fomu mia tatu na arobaini. Zaidi ya mia tatu zilirudi na mia nne.

Thuwaiba alisoma maelezo ya chini akaelewa upesi. Kwa fomu za wazazi, seva ilitaka jina la ukoo la mtoto lifanane na la baba au la mama. Walioitengeneza hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba Mrundi harithi jina. Baba anaitwa lake, mama lake, na kila mtoto anapewa la kwake kulingana na siku aliyozaliwa ilivyokuwa: njaa, shukrani, ugomvi na jirani. Nyumba moja ina watu saba na majina saba. Seva ikiona hivyo ilidhani ni uongo.

Alimpelekea Népomuscène habari hiyo, naye hata hakuacha kutafuna. Alisema ripoti ya mwezi inahesabu zilizopokelewa, si zilizokataliwa, na wafadhili hawana subira.

"Weka jina ya baba," alimwambia. "Kule Ulaya kila mutoto anaitwa jina ya baba. C'est normal, ni kawaida."

Thuwaiba aliuliza jina lenyewe la mtoto liwekwe wapi basi, maana nafasi ilikuwa moja. Népomuscène akasema mtoto anabaki na lile la ubatizo, linatosha. Na hapa lazima isemwe bila kumpaka Thuwaiba mafuta kwa mgongo wa chupa: hakubisha. Kwao jina la ukoo lilirithiwa pamoja na duka. Yeye, baba yake na babu yake waliitwa jina moja la mwisho, na hakuwahi kulifikiria zaidi ya hapo. Aliona ni jambo dogo la makaratasi. Akarudi mezani akaongeza mstari mmoja kwenye programu, mstari mfupi kuliko kidole, unaochukua jina la baba na kuliweka mahali pa jina la mtoto. Akabonyeza. Mia mbili, mia mbili, mia mbili, moja nyuma ya nyingine mpaka jioni. Népomuscène akaagiza Fanta kwa ofisi nzima na mishikaki, na Thuwaiba akala.

Na kwa kuwa mkuu alitaka hesabu tu, akaifupisha programu zaidi. Ilisoma namba ya juu, ikaweka alama ya "imepokelewa", halafu ikayatupa maelezo ya chini bila kuyafungua. Yalikuwa yanajaza diski bure, ndivyo alivyojiambia.

Katika fomu zile ilikuwemo ya mwanamke aliyewapikia chai. Aliitwa Candide, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Audace kwa mlinzi, kwa dereva, kwa mkuu mwenyewe. Mama Audace leta chai. Mama Audace, sukari imekwisha. Alipanga chumba Musaga, lakini kwao hasa ni Ruziba, kando ya ziwa, na ndiko alikompoteza Audace mwaka 1996. Risasi zilianza wakati mtoto yuko kwa jirani, na jirani akakimbia naye. Alikuwa na miaka sita. Jina lake la Kirundi lilikuwa Bukuru, kwa sababu alizaliwa pacha akatangulia. Mdogo wake Butoyi hakumaliza mwezi. Mumewe, Anselme Ntahombaye, aliuawa mwaka huo huo. Mama Audace alikuwa na mtu mmoja aliyebaki duniani, na hakujua yuko wapi.

Thuwaiba alimjazia fomu kwa mkono wake, Februari ile ile. Tangu hapo kila asubuhi, akiweka kikombe mezani, Mama Audace aliuliza kwa sauti ya chini kama mashine imesema kitu. Thuwaiba alimjibu kwamba imepokea. Mama Audace alitabasamu kila mara, akaenda zake. Imepokea lilikuwa neno zuri.

Ukafika Juni. Uchaguzi ulikuwa umeanza, watu wanasema vita vinakwisha, ingawa siku nyingine milio ya bunduki bado ilisikika kutoka milimani nyuma ya Musaga. Népomuscène alikuja na habari kwamba wageni kutoka kwa wafadhili watafika Alhamisi. Walitaka kuona kazi kwa macho, na yeye alitaka kuwaonyesha jibu la seva lenyewe, lote, limechapwa kwa rangi na kutiwa kwenye fremu. Akamwambia Thuwaiba achague moja zuri.

Thuwaiba akamchagua Audace. Alifikiri mama yake atafurahi kuliona jina la mwanawe ukutani. Aliituma tena fomu ile, safari hii akiiacha programu ionyeshe jibu zima kwenye kioo. Juu ilikuwepo mia mbili kama kawaida. Chini yake palikuwa na mstari aliokuwa akiutupa kwa miezi minne:

"recu": true, "resultats": [ ]

Imepokelewa, kweli. Matokeo: mabano mawili ya mraba, katikati hamna kitu. Na sentensi moja ikaongeza kwamba hakuna kambi yoyote iliyoandikisha mtoto wa jina hilo.

Akajaribu fomu nyingine, mabano matupu. Akajaribu ishirini. Akaandika programu ndogo ya haraka ipitie zote, elfu mbili mia mbili na kumi na nne, akakaa mbele yake tangu asubuhi ile mpaka kesho yake karibu saa sita, akiinuka kwa swala na chakula tu. Zile zilizokuwa zimepita bila kubadilishwa, za watoto wachache waliopewa majina ya baba zao kwa mtindo wa kizungu, zilikuwa na majibu ndani yake: huyu yuko kambi fulani, huyu anaweza kuwa ndiye. Hakuna aliyeyasoma. Zote alizozigusa yeye kwa ule mstari wake mfupi zilikuwa tupu.

Hapo ndipo akili ilipomrudia, ikiwa imechelewa. Mtoto wa miaka sita akiulizwa kambini anaitwa nani, atasema lake. Atalisema hata akiwa analia, maana ndilo aliloitiwa chakula. Jina la baba atalijulia wapi? Baba anaitwa baba. Seva ilianza kutafuta kwa jina la ukoo, na lisipokuwepo haikuhangaika zaidi. Thuwaiba alikuwa amewapelekea watu wa Ulaya watoto elfu mbili ambao hawajawahi kuzaliwa, nao wakawapokea wote kwa adabu.

Alikwenda kwa Népomuscène mbio mbio, amesahau hata kugonga. Saa sita ilikuwa imefika na mukeke yuko mezani, kichwa chake kimeng'olewa, macho yamegeuka meupe. Alieleza yote kwa pumzi moja. Alitegemea mtu atashtuka, atatupa sahani, atapiga simu. Népomuscène alitoa mwiba kati ya meno, akautazama, akauweka pembeni mwa sahani.

"Najua," alisema. "Depuis mars, tangu mwezi wa tatu. Mwenzangu wa Kigoma alinipigia simu."

Thuwaiba alidhani hajasikia vizuri. Mkuu akamweleza kwa upole, vile mtu anavyomweleza mgeni njia ya sokoni. Mutoto akipatikana, alisema, inabidi gari, inabidi karatasi za serikali mbili, inabidi mutu wa kumsindikiza, na barabarani bado wanapiga watu risasi. Kitu kikitokea, lawama ni ya ofisi. Asipopatikana, namba kwenye ripoti ni ile ile. Seva imesema imepokea. Yeye hakudanganya mtu.

Thuwaiba alimtazama midomo ile inavyong'aa mafuta. Hakuwahi kumchukia mtu hivyo, hata wale waliochoma duka la baba yake mwaka 1994. Wale angalau walikuwa wanapiga kelele. Huyu alikuwa anatafuna. Alitamani kuona mfupa umkwame kooni, akaona aibu kwa kulitamani, kisha aibu hiyo nayo ikampita.

Alirudi mezani kwake akafunga mlango. Alitaka kujua jambo moja kabla ya mengine. Akaifungua fomu ya Audace, akaandika upya kwa vidole vyake, bila kuiachia programu:

{"prenom": "Audace", "nom": "Bukuru", "pere": "Bukuru", "mere": "Candide", "origine": "Ruziba"}

Sasa uongo ulikuwa kwenye jina la baba. Anselme Ntahombaye alikuwa kaburini na hakuhitaji jina, acha seva imwite Bukuru ikiwa ndivyo inavyoridhika. Akatuma. Sahani ya paa ilichukua muda wake. Jibu lilipokuja, mabano ya mraba hayakuwa matupu.

Bukuru Audace, miaka kumi na mitano, baba hajulikani, mama Candide, kwao Ruziba kando ya ziwa. Kambi ya Kabirizo, wilaya ya Kasulu, Tanzania. Thuwaiba aliweka mkono mdomoni akasoma yaliyobaki. Faili limefungwa tarehe 2 Mei. Sababu: mtoto mwenyewe ametamka mbele ya mashahidi kwamba hana mtu, kwa kuwa katika miaka tisa hakuna aliyemuulizia. Ameingizwa kwenye orodha ya wanaongoja kupelekwa nchi ya mbali. Tarehe ya kuondoka: haijapangwa.

Tarehe 2 Mei. Fomu aliijaza Februari. Mtoto alikuwa amekaa kambini karibu miezi mitatu mizima mama yake akiwa amekwisha kumuulizia, na kati ya swali na jibu ulikuwepo mstari mmoja mfupi, wenye jina la Thuwaiba juu yake kama mwandishi.

Hakusikia Népomuscène alivyoingia. Alikuwa nyuma ya kiti, anasoma juu ya bega lake, na pumzi yake ilinuka samaki. Alisoma mpaka mwisho. Kwa muda mfupi Thuwaiba alifikiri hata huyu atapata la kusema linalofanana na utu.

"Usimwambie kabla ya vendredi," alisema, akimaanisha Ijumaa. "Atalia. Wageni watamukuta analia, na chai nani atapika?"

Thuwaiba alifungua programu mbele ya macho yake, akaufuta ule mstari, akaandika mwingine unaoacha kila mtoto na jina lake na kumpa baba la mtoto, ili seva inyamaze. Akaiamuru isome kila jibu mpaka neno la mwisho na kulihifadhi, kisha akaiwasha ianze na fomu ya kwanza. Népomuscène alimwambia aizime. Akamwambia mara ya pili kwa Kifaransa. Thuwaiba alisimama akampita, akijibana ukutani nguo yake isimguse.

Jikoni Mama Audace alikuwa anasuuza vikombe. Thuwaiba alikuwa amepanga maneno njiani, maneno ya taratibu, yenye mwanzo na mwisho, na yote yakamkimbia. Alisema tu kwamba Audace yu hai. Mama Audace alikamata ukingo wa karo kwa mikono miwili. Hakulia. Alitaka kuambiwa tena, na alipoambiwa akashuka taratibu akakaa kwenye kreti ya Fanta, mikono ingali inadondosha maji. Thuwaiba akamweleza kwamba yuko kambini Tanzania, akamweleza orodha ya wanaoondoka, akamweleza tarehe 2 Mei na lile alilotamka mtoto. Lile la mwisho alilisema akitazama sakafu.

"Alisema hana mutu," Mama Audace alirudia.

"Ndiyo."

"Na mi nilikuwa hapa napika chai."

Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Mama Audace akauliza jambo ambalo Thuwaiba alikuwa akiomba Mungu asiulizwe. Miezi yote mashine ilisema imepokea. Ilipokea nini basi? Thuwaiba akamweleza kuhusu jina. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akasema seva ilikuwa inakataa, akasema Ulaya hawajui mambo ya huku, akasikia mwenyewe jinsi anavyofanana na mkuu wa chumba cha pili.

"Nani aliondoa jina ya mutoto wangu?"

Angeweza kumtaja Népomuscène na asingekuwa ameongopa. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Ni mimi, Mama Audace."

Mama Audace alimtazama. Thuwaiba alikuwa amejiandaa kwa hasira, na kama angepigwa angeshukuru. Lakini uso wa yule mama haukuwa na hasira. Pua ilikunjana kidogo, midomo ikavutika nyuma, na mwili wote ukarudi nyuma juu ya kreti. Thuwaiba aliutambua uso huo, maana yeye mwenyewe alikuwa ameuvaa nusu saa iliyopita, mbele ya meza ya mkuu. Alinyoosha mkono kumshika begani. Mama Audace akasogea.

"Usinishike."

Alisimama, akafungua fundo la aproni, akaiweka juu ya vikombe vilivyooshwa. Alisema mabasi ya kwenda kusini yanapita Musaga mpaka saa nane, na kutoka Mabanda mpakani kuna watu wanaovuka kwa miguu. Thuwaiba alisema atatafuta gari, atazungumza na baba yake, lakini Mama Audace alikuwa hamsikilizi tena. Akauliza kitu kimoja tu, kambi inaitwaje. Thuwaiba akachukua kalamu na kipande cha karatasi, akaanza kuandika jina la kambi, la wilaya, namba ya faili.

"Apana andika," Mama Audace alisema. "We sema tu. Mi nitashika."

Thuwaiba akaweka kalamu chini. Akasema Kabirizo. Mama Audace akarudia, macho yake yakiwa kwenye mdomo wa Thuwaiba, akamtaka aseme tena, na tena, na mara ya tatu akamuuliza kama ana hakika hajabadilisha kitu.